Ron Simmons na Mgogoro wa Bingwa wa Kwanza Mweusi

Takriban kila maelezo ya maisha ya Ron Simmons, mwanamieleka mstaafu wa Marekani, hurudia dai kwamba ndiye mtu Mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu katika mieleka ya kulipwa, alipomshinda Big Van Vader mjini Baltimore tarehe 2 Agosti 1992. Dai hilo limezoeleka hata waandishi wengi hawalihoji, ilhali miaka 30 kabla yake, tarehe 18 Agosti 1962, Bobo Brazil alimbwaga Buddy Rogers mjini Newark, na mwaka uliofuata Bearcat Wright akamwangusha Freddie Blassie mjini Los Angeles. Wanaolitetea hujibu kwamba ushindi wa Brazil haukutambuliwa na kwamba ule wa Wright ulikuwa wa chama cha eneo moja tu, lakini ni nadra wao kuuliza nani alikuwa na mamlaka ya kutambua na kwa nini aliyatumia namna ile.

Mieleka ya kulipwa, tofauti na mieleka ya Olimpiki, ni mchezo wa maonyesho ambao mshindi wake huamuliwa na promota au msaidizi wake kabla wapiganaji hawajapanda ulingoni. Wapo wanaoona kwamba kwa sababu hiyo ubingwa wake hauna uzito wowote katika historia, na hoja hiyo haina mashiko. Jack Johnson alipompiga Tommy Burns mjini Sydney mwaka 1908 na kuwa bingwa wa ndondi wa dunia, waliomchukia hawakuwa na njia ya kuzirudisha ngumi zake. Katika mieleka, mkanda huvaliwa na yule ambaye ofisi imeamua auvae, na kwa hiyo kila mwaka uliopita bila bingwa Mweusi ni kumbukumbu ya uamuzi uliofanywa na watu waliokuwa na uwezo wa kuamua vinginevyo. Hakuna mchezo unaowaweka wazi wakubwa wake kuliko huu.

Wapiganaji Weusi hawakukosekana. Viro Small, aliyezaliwa utumwani South Carolina, alijipatia sifa Vermont katika karne ya 19, na katika miongo ya kati ya karne ya 20 akina Jack Claybourne walishindania kile kilichoitwa ubingwa wa dunia wa Weusi, mkanda wa pembeni uliowapa heshima huku ukiwaweka mbali na ule mkubwa. Luther Lindsay alitoka sare na Lou Thesz, bingwa aliyehofiwa kuliko wote wa zama zake, na Thesz mwenyewe aliusifu ustadi wake, lakini ubingwa haukumfikia.

Kwa Bobo Brazil mambo yalikaribia zaidi. Mtu huyu, ambaye jina lake halisi lilikuwa Houston Harris, alizaliwa Arkansas mwaka 1924, akawa kipenzi cha watazamaji wa rangi zote kwa pigo lake la kichwa, na kufikia mwaka 1962 alikuwa akijaza kumbi za miji mikubwa ya kaskazini. Rogers alishikilia ubingwa wa NWA, muungano wa mapromota ulioundwa mwaka 1948 ambao wanachama wake waligawana maeneo ya nchi na kukubaliana kuwa na bingwa mmoja, na ubingwa huo alikuwa ameupata Juni 1961 mbele ya watazamaji 38,622 mjini Chicago. Mjini Newark Brazil alimshinda, lakini Rogers akadai kwamba alikuwa ameumia kinenani kabla ya pigo la mwisho, Brazil akaukataa mkanda uliopatikana kwa njia hiyo, na siku chache baadaye ikatangazwa kwamba madaktari hawakuona jeraha lolote na kwamba ubingwa ni wa Brazil. NWA haikuandika lolote kati ya hayo, na katika orodha yake Rogers anaendelea kuwa bingwa mfululizo hadi aliposhindwa na Thesz mjini Toronto tarehe 24 Januari 1963.

Inawezekana kabisa, kama baadhi ya wachambuzi wanavyoeleza, kwamba kisa cha jeraha kilibuniwa ili kuuza tiketi za pambano la marudiano, na maelezo hayo yanastahili kusikilizwa kwa sababu biashara hiyo iliendeshwa hivyo. Hata hivyo hayaiondolei NWA lawama. Mapromota wa kaskazini-mashariki walithubutu kumpa Brazil ushindi mbele ya watu waliolipa viingilio, na muungano uliokuwa na wanachama katika majimbo ya kusini, ambako Weusi na Wazungu bado walikuwa wakitenganishwa, ukachagua kuufuta. Orodha iliyotayarishwa na waliofuta haiwezi kuwa shahidi pekee wa nani alikuwa wa kwanza.

Simmons aliingia katika biashara hiyo kwa mlango mwingine. Alizaliwa Perry, Georgia, mwaka 1958, akang'ara katika kandanda ya Kimarekani kwenye Chuo Kikuu cha Florida State, ambacho baadaye kilistaafisha jezi yake namba 50, akafundishwa mieleka na Hiro Matsuda mjini Tampa, na kuanza kazi mwaka 1986. Pamoja na Butch Reed aliunda kikosi cha Doom, kilichotwaa ubingwa wa wachezaji wawili wawili wa kampuni ya WCW mwaka 1990.

Siku ile ya Agosti 1992 mpinzani wa Vader, aliyekuwa bingwa wa dunia wa WCW, alipaswa kuwa mwanamieleka Sting, lakini kwa mujibu wa hadithi iliyopangwa Sting alijeruhiwa na mwanamieleka mwenzake Jake Roberts, ikapigwa kura ya kuchagua atakayechukua nafasi yake, na jina la Simmons likatoka. Kanda ya pambano hilo, ambayo waandishi huitaja kuliko wanavyoitazama, ni ushahidi mkubwa kuliko orodha yoyote: Simmons anamdaka Vader, mtu wa takriban kilo 200, anamnyanyua na kumbwaga mgongo chini, mwamuzi anahesabu tatu, na kamera inapogeukia ukumbini inawakuta watu wazima na watoto wakiruka kwa furaha ambayo haikuandikwa na ofisi yoyote.

Aliyefanya uamuzi huo alikuwa Bill Watts, mkuu mpya wa WCW, ambaye miaka kumi hivi nyuma alikuwa amemfanya Junkyard Dog, mpiganaji Mweusi, kuwa nyota mkubwa kuliko wote mjini New Orleans. Watts huyo huyo aliondoka WCW mapema mwaka 1993 baada ya kufichuka kwa mahojiano ya zamani ambamo alitetea haki ya mwenye biashara kuwabagua wateja, na tangu hapo wengine wamemwona mwanamageuzi na wengine mbaguzi. Mabishano hayo yametawaliwa mno na nafsi ya Watts. Yapasa kuangalia kilichofanywa na mkanda wenyewe. Katika onyesho kubwa la Oktoba mjini Philadelphia, bingwa Simmons alipambana na The Barbarian huku pambano kuu likipewa Sting na Roberts; katika Starrcade, onyesho kuu la mwaka, tarehe 28 Desemba, alikutana na Steve Williams, aliyeingizwa badala ya Rick Rude aliyeumia, na Simmons hakuwa katika pambano la kufunga usiku. Siku mbili baadaye, Baltimore, Vader aliurudisha ubingwa, baada ya siku 150. Simmons alipewa mkanda, lakini hakupewa nafasi ya kwanza ambayo kwa kawaida huambatana nao.

Miaka yake katika kampuni ya WWF, ambayo baadaye iliitwa WWE, alikoingia mwaka 1996 kwa jina la Faarooq, akaongoza kundi la Nation of Domination na kisha kushirikiana na Bradshaw, ndiyo inayokumbukwa zaidi, nayo ilimfikisha katika Jumba la Heshima la WWE mwaka 2012, lakini haikumpa tena ubingwa wa dunia. WCW nayo haikumkabidhi mtu Mweusi mwingine ubingwa wake mkuu hadi tarehe 9 Julai 2000, alipoupata Booker T, na kufikia Machi 2001 kampuni hiyo ilikuwa imeuzwa kwa mpinzani wake.