Mkanda Uliosahaulika Trois-Rivières

Novemba 2002, kijana wa miaka 14 aitwaye Ghyslain Raza aliingia studio ya shule yake ya sekondari mjini Trois-Rivières, jimbo la Quebec, Kanada. Akawasha kamera, akashika fimbo ya kuokotea mipira ya gofu, akaanza kuizungusha kwa nguvu zake zote kama mpiganaji wa filamu za Star Wars. Alikuwa peke yake. Mkanda ukabaki shuleni.

Miezi kadhaa baadaye, wenzake waliukuta. Wakaunakili kwenye kompyuta, wakapeana, na Aprili 2003 picha hizo zikaingia kwenye intaneti. YouTube haikuwapo bado, ilianzishwa 2005. Watu walirushiana kwa barua pepe na kwa Kazaa, programu iliyozoeleka kwa kubadilishana muziki. Njia hizo zilitosha kumfanya kichekesho cha mamilioni.

Shuleni hapakukalika tena. Raza alikuja kusimulia kwamba wanafunzi walipanda juu ya meza ili wamtukane vizuri, na mtandaoni wapo waliomwambia ajiue. Akaihama shule. Watu wazima nao hawakumwonea huruma: mafundi wa kompyuta waliipamba video kwa sauti na miale, na vipindi vya televisheni vya Marekani vikamwigiza, mtoto wa watu ambaye hakuomba kutazamwa na yeyote.

Julai 2003 familia yake ilizishtaki familia za wanafunzi wanne, ikidai fidia ya dola 250,000 za Kanada. Mwaka 2006 wakapatana kabla kesi haijasikilizwa, na masharti yakabaki siri yao. Hakuna hakimu aliyepata kusema nani alikosa nini.

Quebec ilitunga sheria Juni 2012, ikizitaka shule ziwe na mpango wa kupambana na uonevu, ukiwemo wa mtandaoni. Oktoba mwaka huohuo Amanda Todd, msichana wa miaka 15 wa British Columbia, alijiua baada ya kuandamwa mtandaoni. Kanada ilishtuka. Mwaka 2013 Raza, ambaye sasa alikuwa amesomea sheria, alivunja kimya chake cha miaka 10 ili vijana wanaoteswa hivyo wajue kwamba inawezekana kuvuka.

Waliodaiwa fidia ni familia nne tu, wengine wote waliosambaza hawakuguswa. Shule zinazotunga kanuni za simu leo zisiishie kwa aliyeanza kusambaza. Zimfikie pia kila aliyepokea, akacheka, akamtumia mwenzake.