Kipimo cha Msiba: Wayunani wa Kale na Tanzia Njema

Katika mwaka wa 494 Kabla ya Kristo (K.K.) Waajemi waliuteka mji wa Wayunani ulioitwa Miletus, katika pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Wanaume wengi waliuawa. Wanawake na watoto wakafanywa watumwa. Baadaye mtunzi wa Athens, jina lake Phrynichus, aliutungia msiba huo mchezo. Herodotus, mwandishi wa historia, asimulia kuwa watazamaji wote waliangua kilio. Kama kuliza watu ndiyo kazi ya tanzia, yaani mchezo wa msiba, basi Phrynichus alistahili tuzo. Badala yake alitozwa faini ya drakma 1,000, na ikaamriwa kuwa mchezo ule usichezwe tena. Kosa lake lilikuwa kuwakumbusha watu wa Athens misiba yao wenyewe.

Hukumu hiyo yaonekana ngeni, lakini ndani yake mna swali ambalo Wayunani hawakuacha kulifikiri: msiba wa jukwaani uwe karibu kiasi gani na mtu autazamaye?

Athens ilikuwa na sababu ya kuumia. Miletus ilihesabiwa kuwa mji wa ndugu. Wayunani wa pwani ile walipowaasi Waajemi, Athens iliwapelekea merikebu 20, kisha ikajitoa na kukataa kuwasaidia tena. Waliolia mchezoni waliwalilia jamaa zao, na yamkini waliona haya pia. Kilio cha namna hiyo ni cha matangani.

Na tutazame mfano wa pili. Katika mwaka wa 472 K.K. Aeschylus alionyesha tanzia yake iitwayo Waajemi. Ilikuwa imepita miaka 8 tu tangu Waajemi walipoichoma Athens na kushindwa baharini huko Salamis. Aeschylus mwenyewe alikuwa amepigana nao huko Marathon katika mwaka wa 490 K.K. Walakini hakuonyesha majivu ya mji wake. Aliiweka tanzia katika makao ya wafalme wa Uajemi, ambako mama yake Xerxes angojea habari za mwanawe. Watu wa Athens wakasikiliza maombolezo ya adui zao, na Aeschylus akapewa tuzo ya kwanza. Bila shaka walifurahia ushindi wao. Hata hivyo waliketi kutazama uchungu wa mzazi asiye wao.

Herodotus anacho kisa kingine kinachotufumbulia jambo hili. Waajemi walipoishinda Misri katika mwaka wa 525 K.K., mfalme Psammenitus alilazimishwa kumtazama binti yake akiteka maji kama mtumwa, na mwanawe akipelekwa kuuawa. Hakulia, aliinama tu. Lakini alipomwona rafiki yake wa zamani akiombaomba, alibubujikwa na machozi. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa misiba ya nyumba yake ilizidi machozi, bali ya rafiki yake iliyastahili. Aristotle (384–322 K.K.) alikirejea kisa hiki katika kitabu chake cha balagha, ingawa alitaja jina la mfalme mwingine. Alisema kuwa jambo la kutisha linapotukaribia mno, hufukuza huruma.

Tukiyajua hayo, kanuni zake za tanzia hazitaonekana kuwa sheria kavu. Alitaka mtu wa tanzia asiwe mwema kupita kiasi, kwa maana anguko lake litachukiza. Wala asiwe mwovu, kwa maana hakuna atakayemhurumia. Awe mtu wa katikati, aangukaye kwa kukosea. Huruma humwendea asiyestahili mateso yake, na hofu hutushika kwa kuwa amefanana nasi. Wahenga wetu walisema: mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Anyolewaye ni mwenzio, si wewe. Lakini kichwa unacho.

Plato, mwalimu wake Aristotle, hakukubali kuwa umbali huo watukinga. Katika Jamhuri alisema kuwa mtu anayelisha huruma yake kwa misiba ya wengine hataweza kuizuia katika misiba yake mwenyewe. Aristotle alijibu kuwa huruma na hofu huleta utakaso, neno ambalo wataalamu wangali wakilibishania.

Kwa maoni yangu, jibu lililo bora limo katika tanzia ambayo Aristotle aliisifu sana, Mfalme Oedipus ya Sophocles. Mambo yake yanatukia Thebes, si Athens, na katika zama za kale sana. Mfalme amtafuta mwuaji ili auponye mji wake na tauni, na kila shahidi amsogeza karibu, hata agundua kuwa mwuaji ni yeye. Mtazamaji naye husafiri hivyo: huanza akimhukumu mtu wa mbali, na humaliza akijiuliza habari za nafsi yake.

Hapo ndipo faini ya Phrynichus inapotutia mashaka. Huenda watu wa Athens walikuwa na haki ya kusema kuwa jeraha lao lilikuwa bichi. Lakini hawakuagiza mchezo ule ungoje; waliupiga marufuku milele. Waliweza kukaa na huzuni ya adui waliyemshinda, wasiweze kukaa na ya ndugu waliyemwacha. Umbali hufaa tanzia pale tu unapomfikisha mtazamaji kwake mwenyewe. Mchezo wa Aeschylus tunao hata leo. Wa Phrynichus umepotea, na kilichobaki ni habari ya faini yake.