Kibali cha mahindi: jinsi sheria ya kulinda mlaji ilivyopandisha bei ya unga

1/ Kila unga ukipanda bei, mjadala ni ule ule. Mmoja anataka serikali idhibiti soko, mwingine anataka iondoke kabisa. Kabla hujachagua upande, kumbuka Kenya ilidhibiti mahindi kwa miaka 50 hivi. Tuangalie ilikuwaje.

2/ Ilianza 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya mkoloni ilishika biashara ya mahindi na kupanga bei. Mlowezi Mzungu alilipwa bei ya juu kuliko mkulima Mwafrika. Yaani tangu siku ya kwanza, udhibiti ulikuwa na wenyewe.

3/ Uhuru ulipokuja mkoloni alienda, udhibiti ukabaki. 1979 bodi ya mahindi na ile ya ngano ziliunganishwa, ikazaliwa NCPB. Serikali ilipanga bei ya mkulima na bei ya unga dukani. Na ukitaka kuvusha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine, zaidi ya magunia machache tu, ulihitaji kibali.

4/ Kwenye karatasi hoja ilikuwa nzuri: mkulima asinyonywe, mlaji asiumie, nchi iwe na akiba. Nani atapinga hayo? Shida ilikuwa kwenye utekelezaji.

5/ Chukua Kitale na Machakos. Kitale mavuno ni mengi, Machakos mvua imekataa. Mfanyabiashara angejaza lori Kitale leo, auze Machakos kesho. Bila kibali, hilo lilikuwa kosa. Matokeo: mkulima wa Kitale anauza kwa bei ya chini, mama wa Machakos ananunua kwa bei ya juu. Hiyo tofauti ilienda wapi? Kwa mwenye kibali, na kwa kitu kidogo kwenye vizuizi vya barabarani.

6/ Gharama ya pili ni unga wenyewe. Mahindi ya bodi yalienda hasa kwa viwanda vikubwa. Vinu vya posho vya mitaani vilihangaika kupata nafaka. Kwa hivyo mtu wa kipato kidogo mjini alibaki kununua unga wa pakiti uliokobolewa, ilhali kusagisha mwenyewe kungekuwa nafuu.

7/ Gharama ya tatu ni hazina ya serikali. Bodi ilinunua, ikasafirisha, ikahifadhi, kisha ikauza kwa bei iliyopangwa kisiasa. Hasara ilirundikana na mlipa kodi ndiye aliyeibeba. Hiyo hauioni kwenye bei ya pakiti, lakini umeilipa.

8/ Mwisho wa 1993, vikwazo vya kusafirisha mahindi viliondolewa na bei zikaachiwa soko. Tusidanganyane, wafadhili walikuwa wamebana serikali sana. Lakini tazama kilichofuata: vinu vya posho vilipata mahindi, watu wengi wakarudi kununua nafaka sokoni na kusagisha, na viwanda vikubwa vikapata ushindani ambao havikuwa vimeuzoea.

9/ Je, kila mtu alifaidika? Hapana. Mkulima wa ndani kabisa, aliyezoea bei moja na yule wa kando ya barabara, sasa alikatwa gharama ya usafiri na dalali. Anayekuambia soko huria halina wa kuumia anakuuzia maneno.

10/ Halafu kuna kanuni ambazo hatuwezi kuzitupa. 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao Ukambani. Mengi yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani yakiwa hayajakauka vizuri. Sumu hiyo huioni kwa macho, na bei haikuambii kama iko. Kupima mahindi ni kazi ya serikali.

11/ Hapo ndipo mjadala wetu hupotea. Kanuni ya kupima sumu na kanuni ya kuamua nani aruhusiwe kuvusha gunia ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza inaokoa maisha. Ya pili ilitufanya tulipe zaidi ili wachache wapate.

12/ Na usifikirie hii ni hadithi ya kale. Kibali cha wilaya kilikufa, lakini leo kuna vizuizi vya ushuru wa mazao, ile sesi ya kaunti. Lori likivuka kaunti kadhaa linaweza kudaiwa zaidi ya mara moja, na mlaji ndiye hulipa mwisho. Kifungu cha 209(5) cha Katiba ya 2010 kinasema kaunti isitoze kwa namna inayoathiri biashara kuvuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini.

13/ Basi mwanasiasa akikuahidi sheria mpya ya kushusha bei ya unga, muulize maswali matatu. Inazuia sumu au inazuia mshindani? Nani atatoa kibali, na akininyima nitalalamika wapi? Ikifutwa kesho, nani atalia kwanza: mlaji, ama mwenye kibali?