Jeraha Moja, Maumivu Mawili

Mwezi Januari 1944 majeshi ya Marekani na Uingereza yalishuka katika pwani ya Anzio, Italia, kusini mwa Roma. Mapigano yalikuwa makali, na hospitali za mahema zikajaa majeruhi. Miongoni mwa matabibu waliohudumu Italia katika vita hiyo alikuwamo Henry Beecher, daktari wa usingizi kutoka Boston. Alijua, kama sisi sote tunavyojua, kwamba jeraha kubwa huuma sana na jeraha dogo huuma kidogo.

Majeruhi wale walimfundisha vingine. Beecher aliwachunguza wanaume 215 waliojeruhiwa vibaya: wenye mifupa iliyovunjika na kutokeza, wenye matumbo na vifua vilivyotobolewa. Aliwauliza kama walitaka dawa ya maumivu. Karibu robo tatu walisema hawahitaji. Msomaji atadhani labda miili yao ilikuwa imekufa ganzi. Hapana. Mtu huyo huyo aliyekataa mofini alilalamika kama mtu mwingine yeyote pale sindano ilipokosea mshipa.

Baada ya vita Beecher aliwalinganisha askari hao na raia waliofanyiwa upasuaji, wenye vidonda vya namna inayokaribiana. Zaidi ya asilimia 80 ya raia hao waliomba dawa. Tofauti ilitoka wapi? Beecher alijibu kwamba jeraha lilikuwa na maana tofauti kwa kila upande. Askari alitamani kutoka vitani akiwa hai, na jeraha lilimfungulia njia ya kurudi nyumbani. Kwa raia, kidonda kilikuwa mwanzo wa msiba: kazi imesimama, familia itakula nini, na kesho haijulikani.

Jambo hilo lilimvuta Beecher kwenye swali la pili. Ikiwa shauku ya mtu inaweza kupunguza maumivu, je, dawa tunazosifia zinafanya kazi kiasi gani kwa nguvu zake zenyewe? Mwaka 1955 alikusanya tafiti 15 kuhusu plasebo, yaani kidonge cha sukari au sindano ya maji ya chumvi isiyo na dawa ndani yake. Alihesabu kwamba kwa wastani asilimia 35 ya wagonjwa walipata nafuu. Wataalamu wa baadaye walimkosoa, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hao wangepata nafuu hata bila kupewa chochote. Lakini kwa upande wa maumivu jambo lenyewe halikufutika. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa plasebo watu waliong'olewa magego, kisha wakawapa dawa ya kuzuia kazi ya mofini. Wale waliokuwa wamepata nafuu kwa plasebo waliumwa tena zaidi. Ikaonekana kwamba ubongo wenyewe hutoa kitu kinachofanana na mofini. Nafuu yao haikuwa ya kujisingizia, wala maumivu yao ya mwanzo hayakuwa ya kujisingizia.

Neno hilo plasebo lina asili ya kanisani. Ni Kilatini, maana yake "nitapendeza", nalo limetoka katika Zaburi ya 116 kama ilivyosomwa katika Biblia ya Kilatini. Katika zama za kati ibada ya jioni ya kuwaombea marehemu ilianza kwa neno hilo. Baadaye Waingereza wakalitumia kumsema mtu anayejipendekeza, na matabibu wakalitumia kwa dawa inayotolewa ili kumridhisha mgonjwa kuliko kumponya. Neno la ahadi mbele za Mungu likawa neno la udanganyifu. Hata hivyo, mwaka 2010 watafiti wa Boston waliwaambia wazi wagonjwa wa tumbo kwamba vidonge vyao havina dawa, na bado wengi walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Kumbe kumtuliza mtu hakuhitaji kumdanganya.

Historia hii inatuhusu sisi tunaowatembelea wagonjwa. Katika miaka ya mwanzo ya utumishi wangu nilisimama kando ya kitanda cha mama mmoja mwenye saratani ya mifupa. Aliniambia, "Mchungaji, usiku hauishi." Nikamjibu aongeze imani, nikaomba, nikaondoka nikidhani nimemtia moyo. Baadaye binti yake alinieleza kwamba tangu siku ile mama aliacha kuomba dawa kwa wauguzi, akiogopa kuonekana hana imani.

Nilikosea kwa namna ambayo askari wa Italia wangeweza kunisahihisha. Hakuna aliyewaamuru wasiumie. Nafuu yao ilitokana na tumaini walilokuwa nalo, tena lenye sababu, na tumaini halipatikani kwa amri. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, nao ukabaki. Hatusomi popote kwamba imani yake ilikuwa haba. Luther aliposhikwa na mawe ya figo mjini Schmalkalden mwaka 1537, aliomba na pia akakubali kutibiwa na matabibu.

Basi tunapoketi na anayeumwa, tumsikilize kwanza. Tumwulize anatamani nini: kumwona mjukuu, kupatana na ndugu, kushiriki Meza ya Bwana. Tumsaidie kufikia lile linalowezekana, tumwambie kweli kuhusu lisilowezekana, na tusimwekee mofini na sala kana kwamba lazima achague moja.

Mama yule alilala katika Bwana kabla sijarudi kumwomba radhi. Siku hizi, kabla sijafungua Biblia kando ya kitanda, huuliza kwanza: "Dawa ya maumivu umepata?"