Misa na msamiati wake: maneno ya anayeingia kanisa Katoliki mara ya kwanza

Misa (nomino, ngeli ya I-/ZI-) ni ibada kuu ya Kanisa Katoliki. Asili yake ni neno la Kilatini missa, lililomo katika maneno ya kuwaaga waumini mwishoni mwa adhimisho. Padre huadhimisha misa au, kwa lugha ya mazoea, huisoma, waumini huihudhuria. Nchini Tanzania kitenzi kusali kikisimama peke yake huweza kumaanisha kwenda kanisani, na ndiyo maana swali "Unasali wapi?" huulizia dhehebu au parokia ya mtu.

Kila misa ni ibada, lakini si kila ibada ni misa. Katika kigango ambako padre hakufika, katekista huongoza ibada ya Neno: masomo husomwa na sala husaliwa, ila hapana mageuzo ya mkate na divai. Mwandishi anayeiita ibada hiyo misa amesema jambo ambalo halikutokea.

Mgeni huanza kutambulikana mlangoni, kwa salamu. Wakatoliki wengi wa Tanzania husalimiana "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu lake ni "Milele, amina". "Bwana Yesu asifiwe" ni salamu ya Walutheri, Wapentekoste na wengineo, na jibu lake ni "Amina". Maana za salamu hizi mbili zinakaribiana sana, ila haziwezi kubadilishana nafasi katika hadithi au tamthilia: mhusika akitamka moja, msomaji amekwisha kujua anatoka kanisa gani.

Akishaingia, mgeni ataona watu wakichovya vidole katika maji ya baraka na kufanya ishara ya msalaba, kisha wakipiga goti kabla ya kuketi. Hapa umoja na wingi vina kazi. Kupiga goti ni kugusisha goti la kulia sakafuni na kuinuka, kwa heshima ya Ekaristi iliyohifadhiwa katika tabernakulo, ambayo kwa kawaida huwa na taa inayowaka karibu yake. Kupiga magoti ni kukaa katika hali hiyo kwa magoti yote mawili, kama waumini wafanyavyo wakati wa mageuzo. Tafsiri nyingi huchanganya vitendo hivi, na matokeo yake ni picha ya umati uliopiga magoti kwenye ujia wa katikati ya mabenchi. Asiye Mkatoliki halazimiki kufanya lolote kati ya hayo. Kusimama wenzake wanaposimama, hasa Injili inaposomwa, na kuketi wanapoketi, kunatosha.

Neno linalohitaji uangalifu kuliko yote ni kushiriki. Katika matumizi ya Kikatoliki, "kushiriki misa" ni kuwapo na kusali pamoja na wengine tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu anaweza kushiriki misa bila kupokea komunyo. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, "kushiriki" huelekea moja kwa moja kwenye Meza ya Bwana, au Chakula cha Bwana kama Walutheri wasemavyo: aliyeshiriki ndiye aliyekula na kunywa. Kwa hiyo sentensi "Wageni wote mnakaribishwa kushiriki", ikichapishwa katika ratiba ya harusi au ya mazishi, husomeka kwa namna mbili. Mlutheri aliyekuja kumzika jirani yake anaweza kuielewa kuwa ni mwaliko wa kupanga mstari, wakati Kanisa Katoliki kwa kawaida huwapa komunyo Wakatoliki tu, tena walio tayari kuipokea. Aibu inayofuata mbele ya altare si kosa la mgeni. Ni kosa la aliyeandika. Ni salama zaidi kutumia vitenzi viwili: kuhudhuria au kusali kwa wote, na kupokea au kukomunika kwa wanaoiendea Ekaristi. Mgeni asiyepokea hubaki kwenye benchi, na hakuna anayemshangaa, kwa kuwa hata baadhi ya Wakatoliki hubaki.

Sadaka nalo lina tabaka. Mwislamu huitambua sadaka kama tendo la hisani. Kanisani, fedha zinazotiwa kapuni ni sadaka, lakini misa yenyewe pia huitwa sadaka, kwa maana ya dhabihu ya Kristo. Padre anapozungumzia "sadaka yetu" mbele ya mkate na divai, hakusudii fedha. Pale ambapo muktadha hautoshi, matoleo hufaa kwa vile vinavyopelekwa altareni na waumini, na dhabihu kwa maana ya kiteolojia.

Padre (wingi mapadre) lilitoka katika Kireno, kama lilivyotoka meza. Askofu, kanisa na msalaba yalitoka katika Kiarabu. Huchukua upatanisho wa A-/WA-: "padre amefika, mapadre wamefika". Humwitwa "Padre", au "Baba Paroko" akiwa mkuu wa parokia. Kumwita mchungaji humgeuza kuwa kiongozi wa Kiprotestanti, ingawa Biblia inamwita Kristo mchungaji mwema na mahubiri ya Kikatoliki hayalikwepi neno hilo. Kasisi husikika zaidi katika vyombo vya habari vya Kenya na miongoni mwa Waanglikana. Kuhani liachiwe Agano la Kale na Kristo mwenyewe.

Sehemu kubwa ya msamiati huu ilizoeleka midomoni mwa waumini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao mwaka 1963 uliruhusu lugha za wenyeji zitumike katika liturujia iliyokuwa ya Kilatini. Alama za Kilatini zimebaki: altare, hostia, sakramenti, na Dominika kwa siku ambayo kalenda nyingine huiita Jumapili. Altare hupendelewa na Wakatoliki, madhabahu na Waprotestanti, japo Mkatoliki hulielewa hilo la pili bila taabu. Kanisa huandikwa kwa herufi kubwa likiwa jumuiya ya waamini, na kwa herufi ndogo likiwa jengo.