M23 ni tarehe: uzi kuhusu mazungumzo ya amani ya Kongo

1. Kila mdahalo wa siasa ukigusa Kongo, hapa Kenya husikika hoja mbili: "wakae chini waongee" na "jeshi letu lilienda kutafuta nini kule?" Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Tuangalie historia tu, kwa sababu hiyo hoja ya kwanza ina shida. Hao watu wamekaa chini mara nyingi sana.

2. Anza na jina. Nikijiunga na chuo nilidhani M23 ni aina ya bunduki. Kumbe ni tarehe! Machi 23, 2009, serikali ya Kongo ilitia sahihi mkataba na waasi wa Kivu Kaskazini: wapiganaji waingizwe jeshini, kundi ligeuke chama cha siasa, wakimbizi warudi. Aprili 2012 baadhi ya wanajeshi hao wakaasi, wakidai mkataba haukutekelezwa. Wakajiita kwa tarehe yake.

3. Novemba 2012 wakateka Goma. Mazungumzo yakafufuliwa Kampala. Februari 2013 nchi 11 zikatia sahihi mpango wa amani Addis Ababa. Novemba 2013 waasi wakashindwa vitani, na Desemba 12 hati za kufunga vita zikatiwa sahihi hapa hapa Nairobi. Waliokimbilia Uganda na Rwanda walifaa kunyang'anywa silaha na kurudishwa kwao. Kazi hiyo ikakwama, wengi wakabaki huko. Mwishoni mwa 2021 vita vikarudi.

4. Mwaka 2022 meza zikawa mbili. Ya Nairobi ilikuwa ya serikali ya Kongo na makundi yenye silaha. Ya Luanda ilikuwa ya Kongo na Rwanda. Sasa ona: M23 waliondolewa kwenye kikao cha Nairobi Aprili hiyo, na Luanda hawakuwa na kiti. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kadhaa kwamba Rwanda inawasaidia. Rwanda hukana, na husema tishio kwake ni FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliotekeleza mauaji ya kimbari ya 1994.

5. Na jeshi letu je? Lilienda Novemba 2022 chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinshasa ilitaka kikosi kiwashambulie waasi, lakini kikosi hakikufanya hivyo. Desemba 2023 kikaondoka.

6. Desemba 15, 2024 marais walitarajiwa kukutana Luanda. Mkutano ukavunjika kabla ya kuanza. Kisa? Kama Kongo itaongea na M23 ana kwa ana au la. Mwezi uliofuata Goma ikatekwa tena. Februari, Bukavu.

7. Mwaka 2025 meza zikahamia mbali: Kongo na Rwanda Washington, Kongo na M23 Doha. Mkataba Juni 27, tamko Julai 19. Desemba 4 marais wakakutana Washington kuthibitisha. Haikuisha wiki moja, M23 wakaingia Uvira.

8. Mwenzangu wa hosteli ni wa Bukavu. Zile habari za "mkataba wa kihistoria" zikitoka, mimi humwonyesha simu nikiwa na furaha. Yeye huuliza tu, "Mama atarudi nyumbani lini?" Mimi sina jibu, na nikisoma hati hizo silipati.

9. Kwa hivyo mkisikia mtu jukwaani akisema mazungumzo yamefufuliwa, msipige makofi bado. Muulizeni: nani hayuko mezani? Wapiganaji wataenda wapi? Ahadi isipotimizwa, nani ataiona na atafanya nini? Waasi walidai mkataba wa 2009 haukutekelezwa, na hadi leo tunautaja kila siku bila kujua.

Nikikosea mahali nirekebisheni, lakini mje na tarehe, si matusi.