Majini au Misukule? Historia Fupi ya Mfu Anayetumikishwa

Hoja ya makala haya sikuipata darasani. Niliipata katika kibanda cha gemu pale Vwawa, nikiwa bado sekondari, siku tulipokuwa tumejazana watu kama wanane mbele ya runinga moja tukimtazama mwenzetu akicheza Resident Evil 5. Gemu hiyo ilitolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2009, na matukio yake yanatokea Kijuju, eneo la kubuni barani Afrika. Wakazi wa huko wamepandikizwa vimelea mwilini, wamenyang'anywa utashi wao, na wanamshambulia mchezaji kwa mapanga na mashoka. Jina lao ni Majini. Na jambo lililotufanya tupige kelele mle kibandani ni kwamba wanaongea Kiswahili.

Sote tulifurahi, isipokuwa dogo mmoja wa darasa la tano au la sita hivi. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema: "Hao siyo. Msukule haongei, kakatwa ulimi."

Tulimcheka. Leo naona kwamba yule dogo alikuwa mhakiki kuliko sisi sote, na kwamba ndani ya sentensi yake mna historia ndefu ambayo nitajaribu kuifuata hapa.

Tuanze na jina. Mswahili akiliona neno "majini" limeandikwa peke yake, kwanza husoma mahali: ndani ya maji. Hayo tuyaache, ni utani. Lakini hata likisomwa kama wingi wa jini, bado halikai sawa. Jini wa Waswahili ana mambo yake. Ana jina, ana jinsia, ana dini, wengine wana hata kabila. Akimpanda mtu kichwani huulizwa anataka nini, naye husema: ubani, marashi, kitambaa cha rangi fulani. Mnaweza kupatana naye. Kwa ufupi, jini ni kiumbe mwenye utashi, tena utashi uliozidi. Kumwita jini mtu aliyenyang'anywa utashi ni kupindua maana ya neno chini juu.

Msukule ni habari nyingine kabisa. Msukule alikuwa mtu, tena mtu wa kwetu. Alilia­liwa matanga, akazikwa, lakini, kwa mujibu wa masimulizi, kilichozikwa ni gogo la mgomba tu. Mwenyewe kachukuliwa na mchawi. Huko aliko analima usiku, anakula pumba, na hasemi. Upande wa kusini, kwa Wayao hadi ng'ambo ya Nyasa, anaitwa ndondocha. Kwetu Isansa nimeyasikia majina yote mawili, na nimeyasikia zaidi msimu wa palizi. Mtu akiwa na ekari zake za kahawa, vibarua hana, na asubuhi shamba lote limekwisha kupaliliwa, watu hawasemi kitu. Wanaguna tu.

Hapo ndipo penye kiini. Katika masimulizi yetu anayetisha si msukule. Msukule anasikitisha, ukikutana naye unatafuta kumrudisha nyumbani. Anayetisha ni mwenye shamba. Hofu yenyewe ni hofu ya kutumikishwa bila ujira na bila mwisho, hata kifo kisikupe likizo.

Sasa ajabu ni kwamba zombi wa Wamarekani naye alianzia huko huko. Neno lenyewe lilitoka Haiti, na wapo wanaolifuatilia hadi Kikongo. Haiti ilikuwa koloni la Ufaransa la watumwa na miwa, na kwa mtu aliyetamani kifo kama njia pekee ya kutoka shambani, kufa halafu ukaendelea kukata miwa kulikuwa ndiyo jehanamu kamili. Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1929, Mmarekani William Seabrook alichapisha kitabu chake The Magic Island, na humo akasimulia habari za wafu wanaofanya kazi mashambani mwa miwa. Mwaka 1932 ikafuata filamu White Zombie, ambamo kinu cha sukari kinaendeshwa na wafu. Mpaka hapo bwana wao bado anaonekana. Ana kinu, ana faida, na mtazamaji anajua nani alaumiwe.

Mwaka 1968 George Romero akatoa Night of the Living Dead, na mambo yakageuka. Wafu wa Romero hawalimi. Wanakula watu. Hawana bwana wala shamba. Wanatembea tu, wengi, kuja mlangoni kwako. Simdharau Romero, ni msanii mkubwa, na filamu yake ina mengi ya kusema juu ya Marekani ya miaka ile. Lakini tangu siku ile, mwenye shamba alitoka jukwaani, na aliyebaki kulaumiwa ni mtumwa.

Vitabu vya katuni vilipita njia yao wenyewe, na hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo maana kuna kichekesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya EC huko Marekani ilikuwa ikichapisha katuni za kutisha kama Tales from the Crypt, zenye wafu wanaofukuka makaburini kulipa kisasi. Wazazi na wanasiasa wakaja juu, na mwaka 1954 wachapishaji wakajiwekea kanuni iliyokataza, pamoja na mengine, wafu wanaotembea. Kanuni ilipolegezwa mwaka 1971, mizimu ya kunyonya damu na watu-mbwamwitu waliruhusiwa, zombi hakuruhusiwa. Marvel walifanya nini? Waliwabadilisha jina. Wakawaita "zuvembie", na biashara ikaendelea kama kawaida. Mfu ni yule yule, jina tu jipya, mkaguzi karidhika. Hata The Walking Dead ya Robert Kirkman, iliyoanza 2003 na kufika matoleo 193 ilipokoma mwaka 2019, wafu wake huitwa kwa majina mengine mengine. Inaonekana kila anayemshika mfu huyu huanza kwa kumpa jina linalomfaa yeye mwenyewe.

Ndiyo maana silichukulii jina la Majini kama kosa dogo la tafsiri. Gemu iliyotangulia, Resident Evil 4 ya mwaka 2005, ilitokea Hispania, na wanakijiji wake waliitwa Ganado, yaani mifugo. Hilo ni jina la kikatili lakini ni sahihi: mfugo una mchungaji, na mtu akisikia mfugo huuliza ni wa nani. Walipofika Afrika wakaacha mifugo, wakachukua mashetani. Jini hana mwenyewe. Jini ni mbaya kwa asili yake, au hivyo ndivyo gemu inavyotaka tuamini, kwa hiyo ukimpiga risasi hukumkosea mtu.

Picha za mwanzo za gemu hiyo zilioneshwa mwaka 2007; baadaye mwandishi Mmarekani mweusi N'Gai Croal alizikosoa, na mabishano yakawa makubwa: mzungu anaua Waafrika kijiji kizima. Alikuwa na haki ya kukosoa. Mabishano yale, hata hivyo, yalihusu zaidi rangi ya anayeuawa. Lugha inayowekwa kinywani mwake haikupata nafasi kubwa. Shujaa wa pili, Sheva Alomar, anatoka tawi la Afrika Magharibi; wanakijiji wanaongea lugha ya Afrika Mashariki; na jina Kijuju ni juju ya magharibi iliyovishwa kiambishi chetu cha ki-. Kuna popo mkubwa wa kutisha anayeitwa Popokarimu. Popo mkarimu! Mtu aliyefungua kamusi bila kumuuliza mwenye lugha, hayo ndiyo matokeo.

Lakini tusimlaumu Mjapani peke yake. Filamu ya Nsyuka ya Mussa Banzi, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuhesabiwa miongoni mwa filamu za kwanza za kutisha za Kitanzania, ilichukua jina lake kwa jirani zetu Wanyakyusa. Monica Wilson, aliyeandika juu ya Wanyakyusa mwaka 1957, anatumia neno abasyuka kwa maana ya wahenga waliotangulia, wale wanaoombwa na kutambikiwa. Kwenye kaseti za video, mhenga akawa zimwi. Basi na sisi tumo.

Kwa nini basi msukule ang'ang'anie namna hii, hasa pande zetu? Wanaanthropolojia Jean na John Comaroff, waliochunguza Afrika Kusini ya miaka ya 1990, walidai kwamba habari za zombi huvuma pale ambapo kazi na utajiri vimeachana: vijana hawana ajira, lakini mtu mmoja anatajirika na haionekani kwa jasho la nani. Sikubaliani nao kwa kila kitu, maana wakati mwingine nadharia yao inameza kila hadithi bila kuitafuna. Kwa Mbozi, hata hivyo, wanagusa jambo. Hii ni nchi ya watu waliokwenda kazini mbali: machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, wengine hadi Afrika Kusini. Baadhi walirudi, baadhi hawakurudi, na barua hazikuja. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, Mbozi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya (Songwe ilizaliwa 2016), yakatokea mauaji ya kuchuna watu ngozi, na ikasemekana ngozi hizo zinavushwa mpaka kwenda kuuzwa. Mtoto aliyekulia hapo hahitaji gemu kumfundisha kwamba mwili wa maskini ni bidhaa.

Pale Isansa alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa amerudi kutoka machimboni. Hakuwa na neno na mtu. Alilima mashamba ya watu, akalipwa ugali na kikombe cha komoni, usiku analala popote. Sisi watoto tulimwita ndondocha, waziwazi, akisikia. Wakubwa hawakutukataza. Na mimi ninayeandika haya kwamba msukule hasa ni swali juu ya mwenye shamba, sikumbuki hata siku moja mtu akiuliza yule mzee alimfanyia nani kazi miaka yote ile, na ujira wake uliishia wapi. Jina lilitosha. Ukishamwita mtu ndondocha, basi, habari zake zimekwisha. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sisi tunalo jina la haki na Capcom wanalo la uongo. Jina la haki nalo hutumika vibaya. Wagonjwa wa akili waliopotea njia wamewahi kuzingirwa na umati kwa kudhaniwa misukule.

Nimeirudia gemu ile chuoni, kwa kompyuta ya mwenzangu wa bweni, safari hii polepole. Nikakuta kitu ambacho kibandani hatukukiona. Katika kijiji cha Wandipaya, kule kwenye vinamasi, kuna karatasi ambazo mchezaji anaweza kuziokota: shajara ya kijana wa kijijini. Anaandika kwamba watu wa kituo cha mafuta walikuja na sindano, wakasema ni chanjo, watu wakachomwa, kisha wanakijiji wakaanza kubadilika. Na ukifuatilia hadithi unakuta kwamba ardhi ya Wandipaya ina ua ambalo kampuni ya kigeni ililitaka kwa kutengenezea virusi, na kwamba wenyeji walisukumwa pembeni ili ua lipatikane. Kampuni, ardhi, sindano, miili inayotumikishwa: hii ni hadithi ya msukule mwanzo hadi mwisho, na mwenye shamba yumo na jina lake. Na kijana ana ulimi wake, anasema mwenyewe, kabla hajageuzwa.

Shajara hiyo si lazima kuisoma. Inafunguka kwenye skrini, na ukibonyeza kitufe inajifunga. Nakumbuka vizuri siku ile Vwawa: maandishi yalitokea, ya Kiingereza, marefu, na pesa ya muda wetu ilikuwa inaisha. Wote tulimpigia kelele mwenzetu, pita, pita hapo, piga risasi. Akabonyeza.